Barua ya wazi kwa uongozi wa Mkoa wa Tabora: Anayeshika zamu ya usiku kwa wazee afundishwe

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora,
Ndugu Katibu Tawala wa Mkoa,
Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,
Ndugu Afisa Ustawi wa Jamii wa Mkoa,
na kwenu nyote katika Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum mliokabidhiwa dhamana ya wazee,

YAH: MAFUNZO KWA WATUMISHI WA MAKAZI YA WAZEE KUHUSU KUANGUKA KWA WAZEE

Kwa heshima na taadhima, ninawaandikia nikiwa muuguzi mstaafu na mkazi wa Manispaa ya Tabora. Ombi langu ni moja, nalo nalitanguliza ili lisipotee katikati ya maelezo: kila mtu anayeshika zamu katika makazi ya wazee mkoani kwetu, yawe ya serikali, ya taasisi za dini au ya watu binafsi, afundishwe kwa vitendo, mahali pale pale anapofanyia kazi, namna ya kumkinga mzee asianguke, namna ya kumhudumia akishaanguka, na namna ya kuandika na kuchunguza kilichomwangusha.

Nimesema kila anayeshika zamu kwa makusudi. Semina zinapopatikana, anayeitwa ni mfawidhi, na pengine muuguzi akiwapo, naye husafiri hadi Dodoma au Mwanza, hurudi na kabrasha, na kabrasha huingia kabatini. Mzee lakini haangukii ofisini saa nne asubuhi. Huanguka usiku anapokwenda kujisaidia, huanguka alfajiri sakafu ikiwa imetoka kudekiwa, huanguka jioni wakati wahudumu wako jikoni wakigawa chakula. Wanaomkuta chini ni mhudumu wa usafi, mpishi, au mlinzi aliyesikia kishindo. Hao ndio hawajawahi kufundishwa, na hao ndio mikono yao humgusa mzee kwanza, kabla ya daktari yeyote.

Ajali za barabarani zina kikosi chake cha polisi na zina wiki yake ya kitaifa kila mwaka, na ni haki ziwe nazo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka huua watu 684,000 duniani kila mwaka, na kwamba miongoni mwa ajali ni ajali za barabarani pekee zinazoua watu wengi zaidi. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Katika ripoti yake ya mwaka 2007 shirika hilo lilieleza kuwa kati ya asilimia 28 na 35 ya watu wenye miaka 65 na kuendelea huanguka kila mwaka, na kwamba wanaoishi katika makazi ya matunzo huanguka mara nyingi zaidi kuliko wanaoishi majumbani mwao. Kwetu sisi jambo hili halina hata neno la kiofisi. Mzee akianguka husemwa "ni uzee tu", na kwa maneno hayo matatu shauri huwa limefungwa.

Naomba nieleze tukio moja nililolishuhudia katika makazi ambayo sitayataja, kwa sababu sikusudii kumshtaki mtu, na kwa sababu ninaamini lingeweza kutokea popote. Bibi mmoja aliteleza kwenye kizingiti cha choo alfajiri. Wahudumu wawili walikimbia, wakamshika kila mmoja kwapa lake, wakamnyanyua kwa nguvu mara moja, wakamkalisha kwenye kiti na kumpa chai ya moto. Walifanya hivyo kwa upendo, mmoja wao akimpepea kwa khanga na kumwambia pole bibi yangu, pole mama. Bibi alisema anaumwa kinena. Hakuna aliyemlaza akamtazama miguu, na hakuna aliyeandika lolote katika kitabu cha zamu, kwa hiyo wa zamu ya mchana waliambiwa tu kwamba bibi leo hataki kutembea. Siku ya tatu ndipo alipopelekwa hospitali, amekalishwa kwenye bajaji, na picha ikaonyesha mfupa wa paja umevunjika shingoni, pale kwenye nyonga. Wahudumu wale walilia. Mtu asiyejali halii namna ile. Kilichokosekana pale ni ujuzi ambao ungeweza kufundishwa kwa asubuhi moja.

Mnajua, au mtaelezwa na waganga wenu, kwamba nyonga iliyovunjika uzeeni si jeraha dogo. Katika nchi zenye kumbukumbu nzuri, kati ya wazee 100 waliovunjika nyonga, 20 hadi 30 hufariki ndani ya mwaka mmoja, na wengi wa wanaobaki hawarudii mwendo waliokuwa nao. Upasuaji unapochelewa, hatari huongezeka, na kuchelewa huko kwa kawaida huanzia kwa aliyemkuta mzee sakafuni.

Ndiyo maana naomba sehemu ya kwanza ya mafunzo iwe juu ya dakika kumi za mwanzo. Mhudumu afundishwe kutokumnyanyua mzee papo hapo. Apige magoti karibu naye, amwite kwa jina, amtulize, aone kama anapumua vizuri na kama anajitambua, amuulize anaumwa wapi, na amuulize kwa lugha anayoielewa, kwa kuwa wazee wetu wengi wanapopata maumivu au kuchanganyikiwa hurudi kwenye Kinyamwezi, Kisukuma au Kiha, na Kiswahili cha mhudumu aliyehamia jana hakiwafikii. Atazame kichwa kama kina uvimbe au damu. Atazame miguu: mguu mmoja ukionekana mfupi kuliko mwenzake na vidole vimegeukia nje, au mzee akilalamika kinena au paja linapoguswa, huyo hasimamishwi na wala hapandishwi bajaji. Hufunikwa shuka asipate baridi, mguu hutegemezwa kwa mto au kitenge kilichokunjwa, na gari lenye machela huitwa. Anayelalamikia shingo naye haguswi mpaka afike mwenye ujuzi.

Kama hakuna dalili hizo, na mzee mwenyewe anasema anaweza, kunyanyuka kwake kuna utaratibu usiomuumiza yeye wala mgongo wa mhudumu. Huletwa viti viwili imara visivyo vya plastiki. Mzee hugeuka ubavu, hujiinua kwa kiwiko na kiganja mpaka apige magoti, huweka mikono yote miwili juu ya kiti cha mbele, hutanguliza mguu wake wenye nguvu, na anapoinuka kiti cha pili husogezwa nyuma yake akakaa. Mhudumu huongoza kwa maneno na kwa mkono mgongoni, habebi. Nimewahi kuwaonyesha jambo hili wahudumu wenye umri wa kutosha kuwa wanangu, na sura zao ziliponiambia kuwa hawakuwahi kufikiria kwamba mzee aliyeanguka anaweza kuinuka kwa nguvu zake mwenyewe, nilielewa ni heshima kiasi gani huwa tunawanyang'anya wazee tunapowakwapua.

Kisha kuna saa zinazofuata. Aliyejigonga kichwa anaweza kuonekana mzima asubuhi na kuanza kusinzia, kutapika au kupotewa na maneno siku kadhaa baadaye, kwa sababu damu ndani ya fuvu la mzee huweza kuvuja polepole. Anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu yuko katika hatari zaidi. Zamu inayoingia lazima iambiwe, kwa maandishi, kwamba mzee fulani alianguka saa fulani, aligonga mahali fulani, na aangaliwe jambo gani. Na pale ambapo usiku mmoja una mhudumu mmoja kwa wazee wengi, suala la muda wa kulala sakafuni ni la kufa na kupona. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1981 ulionyesha kwamba nusu ya wazee waliolala chini kwa zaidi ya saa moja baada ya kuanguka walikuwa wamefariki ndani ya miezi sita. Mwili uliokandamizwa kwenye saruji hupoa, hukaukiwa maji, ngozi huoza, na misuli iliyoharibika huweza kuziba figo. Raundi ya usiku yenye saa zinazojulikana, na kengele au filimbi kando ya kila kitanda, ni vitu vya gharama ndogo mno kulinganisha na hayo.

Nakuja kwenye kukinga, ambako ndiko kwenye faida kubwa. Kuanguka kuna sababu, na kwa mzee mmoja sababu huwa kadhaa kwa pamoja. Nawaomba siku moja mwingie katika bweni la wazee saa mbili usiku, taa zikiwa zimezimwa, mtazame mzee anavyoamka kwenda chooni. Ataanza kwa kupambana na chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, na mguu wake mmoja utatoka huku mwingine umenaswa. Atapapasa ndala zake, ambazo kisigino chake hakina kizuizi na soli yake imelainika kwa uzee. Msuli au kitenge chake kinaburuta. Hana tochi. Mkongojo wake ameuegemeza ukutani mbali na mkono, na ncha yake haina mpira. Kati ya kitanda na choo kuna vizingiti vya rangi ileile ya sakafu, na mwenye mtoto wa jicho havioni. Akifika chooni hakuna cha kushika wakati wa kuchuchumaa na kuinuka. Mhudumu aliyefundishwa huyaona haya yote kwa dakika moja, na mengi huyaondoa siku hiyohiyo bila kusubiri fungu kutoka popote.

Mengine hayaonekani kwa macho. Dawa za shinikizo la damu, hasa za kukojosha, na dawa za usingizi, humfanya mzee apate kizunguzungu anaposimama. Kipimo chake ni rahisi: presha hupimwa mzee akiwa amelala, kisha dakika ya kwanza na ya tatu baada ya kusimama, na ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aelezwe ili aangalie upya dawa zake. Mwenye kisukari aliyechomwa sindano ya insulini akakosa chakula cha jioni huanguka kwa kushuka kwa sukari. Na katika mkoa huu ambao malaria ni ya mwaka mzima, kuanguka kwa ghafla kwa mzee aliyekuwa akitembea vizuri jana kunaweza kuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa, kabla hata homa haijapanda. Kipimo cha haraka cha malaria na uchunguzi wa mkojo vingefuata mara moja badala ya kuambiwa ni uzee. Tusiwasahau pia waliougua ukoma, ambao baadhi ya makazi nchini yalianza kwa ajili yao. Nyayo zao zimekufa ganzi, hawahisi ardhi wanayoikanyaga, na viatu vyao si suala la anasa.

Hapa naomba niwe mkali kidogo. Nimesikia ikipendekezwa kwamba dawa ya kuanguka ni kumkalisha mzee, kumfichia mkongojo, kumfunga shuka kitandani usiku. Mafunzo yoyote yatakayofundisha hivyo nitayapinga hadharani. Mzee asiyetembea hupoteza nguvu za mapaja ndani ya majuma machache, na siku atakapojaribu kusimama, maana atajaribu tu, ataanguka vibaya zaidi. Kumfunga mtu ni kumwadhibu kwa kuwa amezeeka. Kinachosaidia ni kinyume chake: mazoezi ya nguvu na ya kuuweka mwili sawasawa usiyumbe, ambayo kwa wazee wetu yanaweza kuwa kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kadhaa asubuhi na jioni, kusimama kwa ncha za vidole huku wameshika ukingo wa baraza, kutembea kwenda kwenye kivuli cha mwembe na kurudi. Mzee anayepalilia bustani yake ndogo ya mchicha yuko salama kuliko anayeshinda kitandani.

Huenda mkauliza kama mafunzo ya watumishi wa kawaida yanaleta matokeo yanayopimika. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanywa Uingereza katika makazi 84, wakishirikishwa wazee 1,657. Katika sehemu ya makazi hayo wahudumu walipewa mafunzo mafupi, wakapewa orodha ya mambo ya kukagua kwa kila mzee na hatua ya kuchukua kwa kila kasoro, na akawepo wa kuwasaidia. Kati ya mwezi wa nne na wa sita tangu utafiti uanze, kiwango cha kuanguka katika makazi hayo kilikuwa chini kwa takriban asilimia 43 kuliko katika makazi yaliyoendelea na utaratibu wao wa kawaida, na wazee hawakupunguziwa kutembea. Najua Uingereza si Tabora, na makazi yao yana vitanda vya umeme na watumishi ambao sisi hatuna. Lakini kilichobadilishwa pale hakikuwa vitanda. Kilikuwa ni macho na mikono ya wahudumu.

Kwa upande wa walimu, mkoa haujapungukiwa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, ipo hapa mjini. Nkinga, wilayani Igunga, kuna hospitali na chuo cha afya ambacho wanafunzi wake wangefaidika kwa kuja kujifunzia kwa wazee. Muuguzi mmoja na mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo, wakikaa siku mbili katika kila makazi na kuwafikia watu wa zamu zote, hata wa usiku na hata mlinzi wa getini, wangefanya zaidi ya semina yoyote ya hotelini. Wafundishe kwa Kiswahili. Wafundishie kwenye kitanda cha mzee halisi, kwenye choo anachotumia, kwa idhini yake. Kisha warudi baada ya miezi mitatu, na tena baada ya mwaka, kwa sababu watumishi huhamishwa na vibarua hubadilika, na ujuzi usiorudiwa huisha na mtu aliyeondoka.

Pamoja na mafunzo, naomba kila makazi yawe na daftari la kuanguka: tarehe, saa, mahali, alikuwa akifanya nini, alivaa nini miguuni, aliumia wapi, kilirekebishwa nini. Liwe daftari la kujifunzia na lisiwe la kumtafuta mchawi. Siku mhudumu wa kwanza atakapokatwa mshahara kwa kuandika ukweli ndipo uandishi utakapokoma. Afisa Ustawi wa Jamii alisome kila robo mwaka, na likionyesha kwamba wanne wameangukia mlango uleule, fundi apelekwe kwenye mlango huo.

Gharama nazo si za kutisha. Mafundi wetu wa kuchomelea hutengeneza mageti ya nyumba kila siku na bomba la kushikia chooni halitawashinda. Mkoa wenye mninga hauwezi kukosa mikongojo, wala tairi chakavu la kukatia mpira wa ncha. Mkebe wa rangi nyeupe hutosha vizingiti vya bweni zima. Taa za sola za vyumba vya wazee na posho halali za wakufunzi ndivyo vinavyohitaji fungu, na fungu hilo naomba liingizwe katika mpango na bajeti ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliifanya familia kuwa msingi wa matunzo ya mzee, na makazi kuwa kimbilio la mwisho. Kwa hiyo wanaoishi katika makazi ni wale ambao hawakubakiwa na mtu wa kuwalea: wajane wasio na watoto, waliozika watoto wao, wengine waliokimbia vijiji vyao baada ya kusingiziwa uchawi. Hakuna mtoto wao atakayekuja ofisini kwenu kuuliza kwa nini mama alikaa siku tatu na nyonga iliyovunjika. Swali hilo linabaki kwetu sisi majirani, ndiyo maana nimeliandika.

Naomba jibu lenu kwa maandishi, likitaja ni nani amepewa jukumu hili na ni makazi yapi yataanza. Ningependa yaanze kabla ya mvua za Novemba, wakati baraza na njia za chooni bado ni kavu na mafundi wanaweza kufanya kazi. Mimi mwenyewe niko tayari kufundisha bila malipo, na ninawajua wauguzi wastaafu wenzangu hapa mjini ambao wakiitwa watakuja.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi mstaafu,
Manispaa ya Tabora